Mfungo wa Katekista

Kwaresima ya mwaka 2003, katekista Sylvesta aliacha kula ugali, na kijiji kizima cha Ganako kikamsifu. Kwa kweli ugali ndio uliomwacha yeye: kila tonge lilimkwama kifuani, akakimbilia nyuma ya zizi kulitema. Lakini watu walipomwambia, "Katekista, wewe ndiye unayefunga kweli," aliinamisha kichwa kama mtakatifu wa kuchorwa, akanyamaza. Kimya kile kikawa uongo. Pasaka ikapita, akasema sasa anafunga kuombea mvua.

Angemweleza nani? Pale kijijini koo kuziba kuliitwa ugonjwa wa walevi, naye gongo alikuwa ameinywa kwa siri miaka kumi na mitano, huku kila Jumapili akiwafokea wanywaji.

Mwezi wa saba nesi Winnie alifika nyumbani kwao na karatasi za maswali. Alisema hospitali inataka kujua kwa nini kansa ya koo inawapata watu wengi upande ule. Mnavuta tumbaku? Pombe je? Chai mnakunywa ya moto sana? Kuna anayekwamwa na chakula?

"Huyu hagusi pombe, ni katekista," mkewe Angelina alijibu kwa fahari. "Chai ndiyo, tunaipenda ya moto. Na chakula hakimkwami, anafunga tu."

Sylvesta akaitikia kwa kichwa. Aibu ilimchoma masikio, lakini aliitikia.

Winnie akamtazama Angelina mashavuni. "Na wewe, mama, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Nafunga naye." Angelina akatabasamu kwa haya. "Tangu Kwaresima nakunywa uji mara moja tu kwa siku. Ningemwachaje baba watoto afunge peke yake?"

Sylvesta hakujua. Miezi minne wamelala kitanda kimoja, na hakujua. Kujificha kulimshughulisha mno hata asimtazame mtu mwingine. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Futa," akamwambia nesi, sauti ikikwaruza. "Sifungi. Chakula hakipiti. Hata uji siku hizi unarudi. Na gongo nakunywa, andika."

Winnie akafuta, akaandika upya, akamwambia kesho yake aende hospitali, asichelewe hata siku moja.

Angelina aliinuka akaingia jikoni. Sylvesta alimwona kupitia mlango ulio wazi, amesimama amempa mgongo, akimega kiporo cha watoto na kula, tonge juu ya tonge, bila mboga.