Biskuti za Siku Ishirini na Moja

Waridi alikuwa amechoka kabla hata ya kuonja biskuti ya kwanza. Alichoka na magoti yake, yaliyomlalamikia kila asubuhi kama wake wenza. Alichoka na watu wa soko la Kasongo, waliomwambia ana heri, kwamba mwili ule ni mwili wa mama anayekula vizuri. Hao hawakuwa na binti mjamzito Wamaza.

Binti huyo ndiye habari yenyewe. Chadia, mwanawe wa pekee, aliolewa na mwalimu huko Wamaza, ng'ambo ya mto, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Kwa kina Waridi, binti akizaa mara ya kwanza, mama yake ndiye anayechemsha maji ya kumkanda, ndiye anayempikia, ndiye anayemwogesha mtoto mpaka arobaini. Mama asiyefika husemwa mpaka kaburini. Lakini mvua zilikuwa zimebomoa daraja. Pikipiki ziliishia mtoni, na kutoka hapo ni mwendo wa saa nne kwa miguu. Kwa miguu ya Waridi, sema mwaka.

André, muuguzi wa kituo cha afya, alimbonyeza goti, naye akaruka.

"Mama Chadia, haya magoti inabeba watu wawili. Utoe kilo kumi. Upunguze bugali na mawese, ukule majani ya sombe na samaki, kila asubuhi utembee kidogo. Kisha miezi tatu, ine, utaona."

"Miezi ine? Mutoto anakuja mwezi wenye kuja!"

"Basi umuite Chadia akuje huku sasa, angali na nguvu."

Lilikuwa shauri zuri lenye kasoro moja: halikumpendeza Waridi. Aliona aibu binti amfuate mama na tumbo lake njiani, kana kwamba mama hana miguu. Akatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato haikosi mwenye kuiuza.

Safari hii alikuwa Sarah-Grâce, fundi cherehani aliyekaa jirani na meza yake ya vitenge. Alimsikilizisha sauti kwenye simu, ya mwanamke wa Kinshasa aliyecheka sana.

"Rejime ya biskuti, mama. Siku makumi mbili na moja. Asubuhi biskuti sita na chai. Midi karanga na mahindi ya kukaanga. Mangaribi biskuti tena. Chungu usiguse."

"Na inapunguza kweli?"

"Huyu mwenye anasema alitoa kilo kumi na mbili."

"Weye ulijaribu?"

"Miye? Miye nashona siku muzima, njaa ingeniua!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Waridi akaenda kununua katoni nzima.

Ilibaki kupimwa. Mizani ya kituo cha afya ilipima watoto wachanga tu, kwa hiyo akaenda kwa Abedi, mdogo wake, mnunuzi wa mpunga, mwenye mizani kubwa ya magunia pale sokoni. Mpunga ulikuwa bado kijani mashambani, na Abedi alikuwa amekaa tu, akipiga miayo. Waridi akapanda panapopanda magunia. Kilo mia moja na kumi na mbili.

"Yaya, weye ni gunia moja na kipande," alisema Abedi, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kicheko kilikwisha siku ya tatu. Biskuti ni tamu mdomoni, lakini tumboni hazikai. Saa moja baada ya kuzila, tumbo lilianza kudai upya, na lilidai kwa sauti. Biskuti sita zikawa kumi, kwani yule mwanamke wa Kinshasa hakusema ni biskuti kubwa au ndogo. Karanga alizila kwa kiganja, kisha kwa viganja viwili, kisha kwa bakuli. Alipita maulidini akanusa pilau, machozi yakamlenga. Usiku hakulala, mchana alisinzia juu ya vitenge vyake, na mara mbili alimkatia mteja kitambaa kifupi. Aling'ang'ania tu, maana kila jioni Chadia alipiga simu na kila jioni aliuliza neno lile lile: mama, utafika?

Kitenge chake kilifungika palepale kilipofungika siku zote. Waridi alilaumu sabuni. Alisema inafanya nguo irudi na kubana. Mtu aliyeteseka siku ishirini hataki kusikia kwamba ameteseka bure.

Siku ya ishirini na moja alirudi kwa Abedi. Mavuno yalikuwa yameanza, na wakulima walisimama kwenye foleni na magunia yao. Waridi akaomba njia, akapanda. Abedi akasogeza chuma cha mizani, akakitazama.

"Mia moja na tatu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kilo tisa! Nimetoa kilo tisa!" Waridi alipiga kigelegele mbele ya watu wote. Wakulima wawili watatu wakacheka, ila si kicheko cha furaha. Abedi hakucheka. Alimtazama dada yake, akatazama foleni, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akaita gunia lililofuata. Waridi alidhani ni kazi nyingi.

Chadia alipopiga simu jioni ile, alikuwa na habari yake.

"Mama, bwana yangu amepata wanaume wane. Kesho wananibeba ku mabega na kipoyi mpaka ku mto, nipande pikipiki pole pole, nizalie kwako. Ao weye utakuja?"

"Baki, mama yangu. Wasikutingishe ku kipoyi. Miye nakuja. Nimetoa kilo tisa!"

"Kweli, mama?"

"Nakuambia nimepimwa."

Akaondoka siku ya pili yake. Pikipiki ilimfikisha mtoni alasiri, mtumbwi ukamvusha, na Waridi akaanza kutembea akiwa na moyo mwepesi. Moyo tu. Baada ya saa moja goti la kulia lilivimba, la kushoto likafuata, na kichwa kikaanza kuzunguka, kwa sababu tumboni hamkuwa na kitu ila biskuti za alfajiri. Akaketi kando ya njia, akalia kwa hasira.

Magloire, kijana wa Wamaza anayesukuma mpunga kwa baiskeli mpaka Kasongo, alimkuta hapo alipokuwa akirudi bila mzigo.

"Nitakusukuma, mama. Lakini uniambie kilo ngapi, juu baiskeli yangu imechoka."

"Mia moja na tatu."

Akampakia, akasukuma. Kwenye mlima wa kwanza akasimama, jasho likimchuruzika.

"Mama, hii haiko mia moja na tatu. Mikono yangu inajua kilo. Ulipimwa ku mizani ya nani?"

"Ya Abedi, ku soko."

"Mbele ya mavuno ao nyuma?"

"Ya kwanza mbele, ya pili jana."

Magloire akainamisha kichwa. Alikuwa kijana mwenye adabu, akasema polepole.

"Mama, mavuno ikianza, Abedi anazungusha ile skuru ya mizani. Gunia ya mia moja inakuwa makumi tisa na mbili. Sisi wote tunajua. Tutauza wapi?"

Miaka yote wakulima walipomnung'unikia Waridi kuhusu Abedi, aliwaambia mkulima hajawahi kuridhika. Kikulacho ki nguoni mwako. Kilo tisa hazikuwa zake. Zilikuwa mpunga wa watu.

Kabla ya jua kuzama, gurudumu la nyuma lilipinda. Walilala kwa watu katika kijiji cha njiani, na kesho yake Waridi alitembea akimwegemea Magloire, hatua kumi, pumziko, hatua kumi. Alifika Wamaza adhuhuri.

Mtoto alikuwa amefika kabla yake, alfajiri, wa kike. Jirani ndiye aliyempokea, jirani ndiye aliyemwogesha. Chadia alikuwa ameketi mkekani, midomo mikavu, macho yamezama.

"Niliita mama usiku muzima," alisema.

Waridi alitaka kusimama achemshe maji. Magoti yakakataa. Akajaribu tena, chumba kikamzunguka, akashika ukuta.

"Mama, ulikula nini tangu jana?"

"Biskuti."

Chadia akamlaza mtoto. Akajiinua taratibu, mkono mmoja tumboni, akachukua sahani ya bugali na sombe aliyopikiwa yeye mzazi, akaiweka mbele ya mama yake, akamnawisha mikono. Waridi akala. Alikula akilia, na hakuweza kuacha kula.

"Chadia," alisema mwishowe, "sikupunguza hata kilo moja. Mizani ilinidanganya. Ungekuja kwangu na ile kipoyi."

"Ulisema nibaki, mama," alijibu Chadia. "Nikabaki."