Pembe Nne za Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wanaolilalia hawana habari, lakini kule chini, nyuma ya jiko la hoteli, katika chumba cha kufulia, Shangazi na wifi yake walilijua hilo kama walivyojua majina ya watoto wao. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake mbili. Wanarudi nyuma, wanalivuta, wanalipiga hewani likalia pa, kisha wanakwenda kukutana katikati. Mambo ya kawaida husemwa mkiwa mbali; ya siri hungoja mkutane. Kwa mtindo huo walikuwa wameshazikunja ndoa na ugomvi wa ukoo mzima, na kicheko cha Wifi kilisikika mpaka mapokezi.

Halafu hali ikawa ngumu. Wageni wakapungua, na Meneja akawaita wafanyakazi wote akawaambia wafunge mikanda. Wake mwenyewe ulikuwa umefika tundu la mwisho, kwa nje, kwa ajili ya kitambi. Baada ya hotuba hiyo akapunguzwa mpishi, akapunguzwa mtunza bustani, na Wifi naye akapunguzwa. Kule juu, kwenye ofisi zenye kiyoyozi, hakikupunguzwa hata kiti. Tena liliingia sofa jipya, na aliyelibeba kupanda nalo ngazi ni yule yule mtunza bustani, siku yake ya mwisho kazini.

Shangazi alikasirika, akakasirika tena alipofika nyumbani. Waliishi ua mmoja, na jioni Wifi alikaa kimya akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Alikuwa na watoto wanaosoma, na kazi haipatikani kokote. Ua bila kicheko chake ulikuwa kama redio iliyoishiwa betri. Shangazi akaapa moyoni kwamba Wifi atarudi kazini, ingawa hakujua kwa njia gani.

Yeye aliahidiwa nyongeza kidogo ili afanye kazi ya wawili. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Alijaribu kufunga pembe mlangoni, akajaribu kubana kwa kidevu; shuka likafagia sakafu, likarudi kufuliwa. Basi akaanza kukamata wapita njia. Mlinzi alikuja kuomba maji ya moto, akashikishwa pembe. Mhasibu alikuwa anapita zake kwenda chooni, naye akashikishwa, akakunja huku akibana magoti.

Siku moja akateremka Meneja mwenyewe.

"Shangazi, wageni wa semina wanafika mchana. Mashuka yako wapi?"

"Haya hapa, baba. Hebu nishikie kidogo."

Akashika. Mtu akinyooshewa pembe za shuka hushika kabla hajafikiri, na akishashika, amekwisha. Akiachia, shuka jeupe litaanguka chini, na hili lilikuwa shuka la hoteli yake.

"Rudi nyuma, baba. Vuta."

"Nina kikao."

"Hata mimi ninacho, ndiyo hiki. Haya, njoo tukutane."

Shangazi alijua angeweza kufukuzwa kama Wifi jioni ile ile. Lakini walipokutana katikati, pua kwa pua, akasema taratibu, "Kule juu amepunguzwa nani?"

Meneja akalitazama shuka. Simu ikaita mfukoni mwake, naye hana mkono wa kuipokelea.

"Nauliza tu. Maana mshahara wako mmoja unatulipa chumba kizima, na chenji inabaki."

"Shangazi, uchumi ni mgumu."

"Naujua, ninaishi nao. Ila mbona ugumu wenyewe unajua kuteremka ngazi tu, kupanda haujui?"

Shangazi akamkabidhi shuka jingine, na jingine. La tatu Meneja aliligeuza kinyume, likamzunguka mpaka shingoni akabaki kichwa tu. Shangazi alijizuia, akashindwa, akacheka. Meneja naye akaanza kutikisika humo humo ndani ya shuka.

"Kumbe kazi hii ni nzito," akasema alipotoka, jasho likimtiririka.

"Nzito, baba. Na uliyekuwa unamlipa kidogo kuliko wote ndiye uliyemwona mzigo. Hiyo nyongeza yangu siitaki. Nataka mtu wa upande wa pili."

Meneja akasimama na pembe zake mbili mkononi. Alikuwa ameacha kucheka. Akalikunja shuka hilo mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine, akapanda zake juu. Usiku huo Shangazi hakulala vizuri.

Wiki iliyofuata wakubwa wa kule juu walikatwa marupurupu, wakanuna kila mtu kwa mlango wake. Mpishi alikuwa amekwishapata kazi kwingine. Mtunza bustani alirudi, na salamu yake ya kwanza ilikuwa kuulizia hali ya sofa.

Wifi naye akaingia chumba cha kufulia, akafunga kanga kiunoni, akashika pembe zake. Wakarudi nyuma, wakavuta, likalia pa. Wakaendeana. Walipokutana katikati, Wifi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, midomo ikamtetemeka tu.

"Usinililie hapa, wifi," Shangazi akanong'ona, na yeye mwenyewe hakuwa akiona vizuri. "Shuka lenyewe ndiyo kwanza limekauka."

Wifi akacheka na machozi yake, na kule mapokezi wakasikia.