Ripoti ya Mashine ya Nne

Mume wangu ni fundi wa mashine za kufulia hospitalini, na kwa mashine hana mpinzani. Kwa kalamu, tuseme tu ukweli, ni mwoga kama kuku aliyeona mwewe. Miaka kumi na miwili ripoti zake zote zimekuwa neno moja: "Imetengenezwa."

Sasa nafasi ya fundi mkuu ilikuwa wazi, na meneja alitaka kila mwombaji aandike ukurasa mmoja kueleza hitilafu aliyowahi kuitatua; mume wangu alichagua ile ya mashine ya nne. Mwisho ulikuwa Jumatatu. Jumamosi mchana akaja na karatasi tupu, akaiweka juu ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nasahihisha.

"Mwalimu," akasema, na akiniita hivyo najua ana shida, "niandikie wewe. Mimi nitatia saini."

"Thubutu! Nani anaomba kazi, mimi au wewe?"

Akanuna, kisha akaandika. Nusu saa baadaye akanipa nisome. "Kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mtumishi wako mtiifu, nikiwa na afya njema na akili timamu..." Ukurasa mzima! Mashine yenyewe haikutajwa hata mara moja. Nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Yeye hakucheka. "Darasa la sita," akasema polepole, "mwalimu alisoma insha yangu mbele ya wenzangu. Walicheka hivyo hivyo. Tangu siku ile naandika maneno ya watu, yangu nayaficha."

Nilijuta jamani. Mtu niliyezaa naye watoto watatu, na hilo sikulijua. Nikamwomba radhi, nikasogeza madaftari pembeni.

"Mficha uchi hazai, baba watoto. Haya, hiyo mashine ya nne. Tuseme kesho unasafiri, mimi ndiye nabaki nayo. Niambie nisije nikaumia."

Akainua kichwa. Akanieleza mlango uliokuwa ukifunguka kabla pipa halijaacha kuzunguka, mama mmoja wa kufua aliyenusurika kuvunjwa mkono, na springi iliyochoka ambayo mafundi watatu waliipita bila kuiona. Hata mimi nisiyejua bisibisi nilielewa.

"Yaandike hayo hayo," nikamwambia, "kama ulivyonisimulia." Nikaenda kuosha vyombo. Sikugusa hata nukta.

Jumatatu alirudi amechelewa, nami nilikuwa roho juu.

"Meneja kasoma, kanitazama," akasema, "kaniuliza: 'Hii kakuandikia mkeo yule mwalimu, siyo?'"

Nilikaa chini. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwomba karatasi. Nikakaa pale pale mezani kwake, nikaandika habari za mashine ya kupigia pasi mashuka. Nikajiambia, mke wangu, kuna mtu ataumia nisipomwelewesha."

"Halafu?"

"Kazi nimepata," akasema haraka haraka, kama vile hilo si neno. Akanishika mikono yote miwili. "Lakini nisikilize. Niliandika peke yangu. Bila wewe!"

Nikalia kama mtoto. Maishani mwangu sijawahi kufurahi namna ile kwa kuambiwa sikuhitajika.