Jina Moja, Wasichana Wawili

Jina lilisomwa redioni mara moja tu, kwenye orodha ya timu ya taifa, saa nne asubuhi, na wasichana wenye jina hilo walikuwa wawili.

Walifanya mazoezi ya jimnastiki kwenye ukumbi mmoja, chini ya kocha mmoja, na hata majina ya baba zao yalifanana ingawa hawakuwa na undugu wowote. Ndiyo maana ukumbini hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mmoja alikuwa Sisimizi, kwa kuwa nguvu zake hazikulingana kabisa na kimo chake. Mwenzake alikuwa Msumari, kwa kuwa akiruka na kutua, miguu yake ilibaki palepale ilipogusa godoro kana kwamba imegongomelewa.

Mama yake Sisimizi, fundi cherehani, alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja aliposikia jina la mwanawe. Alipiga kigelegele huku mguu ukiwa bado kwenye kanyagio, na zipu ikashonewa pamoja na mfuko. Mtaa wa pili, baba yake Msumari, kinyozi, alimwacha mteja nusu kichwa akatoka nje kuwatangazia wapita njia kwamba bintiye anakwenda mashindano ya dunia.

Sisimizi alipofika ukumbini alimkuta Msumari anafunga vitambaa viganjani. Walikumbatiana.

"Hongera mwenzangu," alisema Msumari.

"Hongera wewe."

"Mimi? Si wamekutaja wewe?"

"Mbona mimi nilidhani..."

Wakaachiana. Msumari akarudia kufunga vitambaa vyake.

Kocha wao, mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alipiga simu kwa katibu wa shirikisho la mchezo huo, akaiweka sauti kubwa ili wasikie.

"Jina liko wazi, Mwalimu," alisema katibu. "Lisome tu."

"Nimelisoma. Hapa ninao wawili. Ni yupi?"

"Yule mwenye jina hilo."

"Wote wanalo!"

"Basi ni yule aliyefaulu," alisema katibu, na simu ikakatika.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ukurasa wa shirikisho mtandaoni uliweka picha ya Msumari akining'inia kwenye fito, na chini yake umri na kimo cha Sisimizi. Mwandishi wa gazeti alikuja na mpiga picha, akawaomba wasimame pamoja, kisha akamwomba mmoja asogee pembeni. Wakasogea wote wawili.

Nyumbani majirani waliingia na kutoka kumpongeza. Sisimizi alikuwa anaitikia "ahsante" huku hajui anashukuru nini. Akijifurahia, aliona anamwibia Msumari. Akimfurahia Msumari, aliona anajiibia mwenyewe. Mama yake aliuliza jioni, "Wewe mbona huli? Watu wanatafuta bahati hii hawaipati." Jumapili alianguka mara tatu kutoka kwenye ile boriti nyembamba ambayo alikuwa akitembea juu yake tangu ana miaka saba, na kila alipopanda tena alijiuliza hayo mazoezi anamfanyia nani.

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliwachukua wote wawili mpaka ofisi za shirikisho. Katibu alikuwa mtu wa tai fupi na tabasamu refu. Alimwita karani alete karatasi za mchujo, zile ambazo majaji waliandika alama kwa mikono yao. Mwalimu alivaa miwani akazilinganisha moja moja na orodha ya matokeo, kidole juu ya mistari.

"Hapa kwenye kuruka meza, hii alama ni ya Msumari," alisema. "Sisimizi siku ile alitua kwa magoti. Nilikuwepo."

"Ndiyo," alisema karani.

"Na hapa kwenye boriti, hii ni ya Sisimizi. Msumari alianguka."

Karani alianza kutoka jasho. Aligeuza kompyuta yake, akaangalia, akaangalia tena. Alikuwa ameingiza majina bila namba za usajili. Mashine ilipokutana na jina lilelile mara mbili ilidhani ni mtu mmoja aliyerudia, ikachukua alama iliyo kubwa zaidi kwa kila chombo cha mchezo. Mtu huyo akatokea wa nne kati ya watano wa timu.

"Kwa hiyo mliyemchagua ni nani?" aliuliza Mwalimu.

"Kusema kweli, Mwalimu," alisema karani polepole, "hayupo."

Msumari aliangua kicheko. Kilimtoka tu, kisha akaziba mdomo. Sisimizi hakucheka. Alijihisi kama mtu aliyeambiwa amefiwa na mtu asiyemjua.

Katibu alifunga mlango. Akasema orodha imekwisha kusomwa kila mahali, na kubadilisha sasa ni kujitia aibu. Akawageukia wasichana. "Jina ni lenu nyote. Nendeni hapo kwenye korido, dakika kumi tu, mkubaliane nani anakwenda. Mimi sitauliza mmekubaliana vipi."

Mwalimu aliwaangalia wakitoka.

Koridoni kulikuwa na benchi moja na makabati ya mafaili. Walikaa.

"Nenda wewe," alisema Msumari. "Mwaka kesho goti langu hili bovu sijui kama litanibeba."

"Basi ndiyo uende wewe."

"Unaona? Hata kugombana hatuwezi."

Sisimizi alikuwa anafikiria kitu kingine. "Yule waliyemwandika wa akiba, yule wa ukumbi wa shirika la reli. Kama huyu wa nne hayupo, si yeye ndiye anayeingia kwenye watano?"

Msumari alimgeukia. "Kwa nini umeniambia?"

"Sijui. Ningenyamaza ningekuwa najua peke yangu."

"Baba ataniua," alisema Msumari, akasimama.

Waliingia wakasema hawataki. Katibu aliwaambia ni watoto na hawaelewi. Huenda alikuwa sawa, maana Sisimizi mwenyewe hakuelewa. Mwalimu ndiye aliyeweka karatasi za majaji mezani na kusema kwamba ama hesabu inafanywa upya mbele yake, ama anaondoka nazo. Ikafanywa. Msichana wa ukumbi wa reli akawa wa tano, haki yake. Nafasi ya akiba ikabaki wazi, na aliyefuata alikuwa Sisimizi, akimzidi Msumari kwa sehemu moja ya kumi.

Msumari alimshika bega, akasema hongera, safari hii bila swali. Kisha akaenda msalani na hakutoka mpaka Mwalimu alipomfuata. Kinyozi hakusema na bintiye siku nne. Siku ya tano alikuja ukumbini, akakaa kwenye magodoro ya akiba, akamtazama anavyotua, akaondoka. Jioni alimpikia mwenyewe.

Siku ya kuondoka, mama yake Sisimizi alimfunga vifungo vya koti la timu kama mtoto wa chekechea. "Sasa mwanangu, niambie niwaambieje watu. Umechaguliwa au hujachaguliwa?"

"Sijui, mama. Nimepewa koti."

Huko ugenini hakuitwa kushindana. Wale watano walikuwa wazima wote, na yule wa ukumbi wa reli alifanya vizuri mpaka watu wakasimama. Sisimizi alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Asubuhi ya siku ya mwisho, kwenye ukumbi wa kupashia misuli, alipanda boriti akafanya zoezi lake zima, mwanzo hadi mwisho, mtu wa usafi akiwa anazungusha mopu pembeni.

Baadaye alimpigia Msumari.

"Ulianguka?"

"Sikuanguka."

"Wamekupa ngapi?"

"Hakukuwa na mtu wa kuandika."

Msumari alivuta pumzi. "Nieleze basi, tangu ulipopanda."

Sisimizi akakaa kwenye ngazi na kuanza kumweleza, hatua kwa hatua, na mara mbili alilazimika kukatiza maelezo kwa sababu sauti ilimpotea, wala hakujua ni kwa furaha au kwa uchungu.