Mtani Alipoacha Utani

Katika soko la Tougan hakuna aliyewahi kuwasikia Perpetue Toe na Rasmata Sawadogo wakisalimiana kistaarabu. Perpetue ni Msamo, Rasmata ni Mmosi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo asubuhi yao huanza kwa matusi. Perpetue akifungua kibanda chake cha vipodozi, Rasmata humuuliza kama ameshakula kichwa chake cha mbwa, maana Wasamo husemwa kwamba hula mbwa. Perpetue humjibu kwamba mtumwa wake amechelewa tena kufagia. Wateja hucheka, halafu kazi inaanza.

Vibanda vyao vilipakana. Perpetue aliuza krimu, losheni na poda. Rasmata aliuza mafuta ya shea aliyoyapiga mwenyewe kwenye beseni mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akayafinyanga matonge. Yalinukia moshi kidogo, na Perpetue hakuacha kuwaonya wateja kwamba wakijipaka yale watanuka kama jiko la mama mkwe. Naye Rasmata aliwaambia kwamba krimu za jirani yake hukorogwa kwa machozi ya waume waliofilisika.

Mwezi ule Perpetue alikuwa na harusi. Binti yake wa pekee, Clarisse, alikuwa anaolewa, na mama mtu alikuwa ameapa kwamba wageni wote, nusu yao wakiwa wateja wake, watamwona bibi harusi anavyong'aa na watajua ametengenezwa kibanda gani. Aliagiza krimu mpya ya kung'arisha uso, makopo mawili yenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, moja lake na moja la mtoto. Aliyemletea alimwapia kwamba ni mitishamba mitupu. Ubavuni mwa kopo palichorwa jani, na Perpetue, ambaye kwa muuza nyanya hutaka kuonja kwanza, aliliamini jani lile.

Rasmata alifungua kopo moja, akanusa, akakunja uso. Alisema kitu kile kinanuka dawa ya kufulia shuka nyeupe, na kwamba mtoto asipakwe. Perpetue alicheka akashika mbavu. Maneno ya mtani ndiyo hayo. Akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia alete nyama ya kuchoma.

Kumbe Rasmata hakuwa amemaliza. Alilitia kopo la Clarisse ndani ya kitenge chake, akatoka nalo mchana kweupe. Mtani ana haki hiyo. Akichukua kitu chako kimekwenda, mpaka ukikomboe siku anayotaka yeye. Watu walipiga makofi. Perpetue aliumia, maana kupata kopo jingine haikuwa kazi ndogo, lakini kuukasirikia utani ni aibu kuliko kuibiwa, basi akatabasamu kwa shida.

Lile lililobaki alijipaka mwenyewe. Mwanzoni ngozi ililainika, akawa anapita mbele ya kioo bila sababu. Kisha, wiki moja kabla ya harusi, aliamka mashavu yamevimba, ngozi inabanduka kando ya pua, uso mzima unawaka kama umesuguliwa pilipili. Alijaribu kuuficha kwa poda, ukazidi kuuma. Alikaa kitandani akalia. Atatembeaje mbele ya ukoo mzima akiwa mama wa bibi harusi na uso ule? Na nani atanunua tena krimu kwake?

Alijitanda mtandio yakabaki macho, akaenda moja kwa moja kwa Rasmata.

"Rasmata, nisaidie. Uso wangu unaungua."

"Afadhali," Rasmata alisema bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. "Ukiiva uniite, chumvi ninayo."

Soko likaangua kicheko. Perpetue akasema hatanii, anaumwa kweli. Wakazidi kucheka. Mzee mmoja akasema Msamo amebuni njia mpya ya kupata mafuta ya bure. Perpetue aliapa kwa marehemu mama yake, na Rasmata akamkumbusha kwamba hata huyo mama alikuwa mtumwa wake. Hapo ndipo Perpetue alipotambua kwamba ameishi na mtu huyu miaka yote bila kuachiwa nafasi ya neno moja la kweli.

Akaondoa mtandio.

Kicheko kikakatika. Rasmata akasimama, akajifuta mikono, akamtazama.

"Pole, dada yangu," akasema. "Njoo ukae."

Perpetue aliingiwa na hofu kuliko alipojiona kwenye kioo. Hawa hutaniana hata makaburini. Mume wa Perpetue alipofariki, Rasmata huyuhuyu alilala barabarani mbele ya jeneza akidai kwamba Msamo hazikwi mpaka alipe deni la mbwa. Leo amemwita dada. Perpetue alijua sasa anakufa.

Rasmata hakukimbilia kumpaka kitu. Alimwosha kwa maji baridi ya mtungi, akamkataza krimu, poda, limau na dawa zote za majirani, kisha akamshika mkono mpaka kwa nesi. Nesi alimpa dawa, akasema ngozi ikianza kufunga anaweza kupaka shea tupu. Basi Rasmata akawa anakuja jioni, anampaka kwa ncha ya kidole, mpole kama mgeni. Umelalaje, dada? Umekunywa uji, dada? Uso ulipoa kidogokidogo, lakini adabu ile ilimnyima Perpetue usingizi.

Jioni moja alilikumbuka kopo la pili, akayawazia mashavu ya Clarisse.

"Kumbe ulisema kweli," akasema.

"Nilisema kweli, na nilijua hutanisikia. Ndiyo maana nikaiba."

Perpetue alimshika mkono uliojaa mafuta.

Siku ya harusi mabaka yalikuwa bado yanaonekana. Perpetue alitoka nayo hivyohivyo, bila poda, akinukia moshi, na waliomuuliza aliwaeleza bila kuficha. Clarisse alipendeza kwa uso wake aliozaliwa nao. Walipofika mlango wa kanisa wakakuta kamba imefungwa njiani na Rasmata amesimama katikati, kopo la kifuniko cha dhahabu mkononi.

"Hapiti mtu hapa," akatangaza. "Mama wa bibi harusi ni mtumwa wangu aliyetoroka. Amejipaka mafuta yangu akidhani atanipotea. Atanipoteaje, na uso wenyewe ni wa mla vichwa vya mbwa?"

Watu wakacheka mpaka padri. Perpetue alilia kwa furaha, kwa sababu sasa alijua amepona. Rasmata akamkabidhi Clarisse kopo. Lilikuwa limesuguliwa likatakata, na ndani yake mlijaa shea nyeupe.

"Mtumwa wangu," Perpetue akamwambia, machozi yakiteleza juu ya mafuta, "fungua hiyo kamba. Na Jumatatu usichelewe kufagia."