Mlima wa Profesa

Karamu ya mwaka ya chama cha wanajiolojia ilianza kwa supu iliyopoa. Mjane aliketishwa meza ya mbele, kati ya mwenyekiti wa chama na mke wa Profesa, mahali ambapo kila mtu angemwona akila. Profesa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ndiye aliyemwalika.

"Njoo, shemeji," alimwambia kwenye simu. "Watu wakuone. Wajue hatujakutupa."

Mumewe, kitindamimba ambaye familia nzima ilimwita Kitinda, alifukiwa na maporomoko ya mlima msimu wa mvua uliopita. Alikuwa anachimbua ganda la kombe lililogeuka jiwe, kombe la baharini, juu kabisa ya mlima ulio mbali na bahari yoyote. Ganda alikuwa amekwisha kulishusha kwa kamba. Yeye mwenyewe hakupatikana. Profesa aliwaeleza waombolezaji kwamba mdogo wake alikuwa mbishi tangu utotoni. Alikatazwa kwenda, akaenda. Mjane alijua vingine. Alikuwepo sebuleni siku Profesa alipokuja kumsihi mumewe alifuate ganda upesi, kwa ajili ya mhadhara ambao angeutoa kwenye karamu hii, na alimsikia akisema nyufa za kule juu ameziona kwa macho yake, si za kumtisha mwanamume.

Sasa ganda lilipitishwa meza hadi meza kwenye sahani. Watu walilipapasa kwa vidole vyenye mafuta ya nyama. Mmoja alilinusa, mwingine akaligonga kwa uma asikie mlio wake. Lilipomfikia mjane lilikuwa limegandwa na mchuzi. Alilipitisha, akajifuta mikono kwa kitambaa, akajifuta tena.

"Milima," Profesa alianza kule jukwaani, "huzaliwa pale vipande viwili vya gamba la dunia vinaposukumana, na hakuna kinachokubali kupisha."

Sakafu ikaguna. Zulia lilikunjamana, vigae vikapasuka, na mlima ukaanza kuota mbele ya meza yao. Mwenyekiti alishika glasi yake, akasogeza kiti nyuma kidogo ili upite. Uliinuka taratibu, tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeusi, la kijivu, ukasimama karibu na taa za dari. Wahudumu walibadili njia, wakawa wanazungukia kushoto. Bwana mmoja alilalamika kwamba haoni jukwaa, akatafutiwa kiti kingine.

"Mfano mzuri," alisema Profesa, akaendelea.

Katika tabaka la chini alikuwa Kitinda. Mwamba ulimbana hadi kifuani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenaswa juu ya kichwa. Nywele zilijaa udongo. Alikohoa.

"Mama watoto, naomba maji."

Mjane alimnywesha kwa glasi yake. Maji mengine yalirudi na matope.

"Shemeji, umekonda," alisema mke wa Profesa, akaendelea kutafuna.

Mhadhara ulipokwisha, mwenyekiti alikaribisha maswali. Akauona mkono wa Kitinda uko juu, akampa nafasi.

"Kaka," alisema Kitinda, "nyufa uliziona. Ukanituma."

Ukumbini meno yaliendelea kutafuna. Profesa aliutazama mlima upande wa juu, mahali pasipokuwa na mtu.

"Tunashukuru kwa mchango huo," alisema mwenyekiti. "Swali lingine? La kitaalamu, tafadhali."

Mtu aliuliza vipande vya dunia husogea kwa kasi gani. Profesa alisema ni polepole kuliko mhudumu wa meza yake, na watu wakacheka.

Mjane alisimama. "Shemeji, mjibu mdogo wako. Nilikuwepo siku ile."

"Keti ule, shemeji. Ya nyumbani tutayaongea nyumbani."

"Watu wanatutazama," alinong'ona mke wa Profesa, akimvuta gauni.

Hakuna aliyekuwa akitazama. Matunda yalikuwa yameletwa, na kila mtu alikuwa anachagua.

Mjane alichukua kijiko, akaanza kumchimbua mumewe. Mwenyekiti alimwomba kwa upole asiharibu matabaka.

"Acha tu," alisema Kitinda. "Wamenisikia?"

"Wamekusikia."

"Wakasemaje?"

"Wanakula."

Ilipendekezwa mlima upewe jina la Profesa. Wajumbe walipiga kura kwa kuinua mikono, na mkono wa Kitinda ukahesabiwa pamoja na ya wanaounga mkono, kwa kuwa ulikuwa juu. Kisha mpiga picha akamwomba Profesa apande ili apigwe akiwa kileleni.

Profesa alipanda na viatu vyake vya ngozi. Alitafuta pa kukanyagia, akaona bega la mdogo wake, akalikanyaga.

"Samahani," alisema, kama mtu aliyemkanyaga asiyemjua kwenye foleni, akaendelea kupanda.

Mjane alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku walipozika jeneza tupu. Alipolisikia, alitapika kwenye sahani ya mwenyekiti. Mhudumu aliiondoa, akaleta nyingine safi, na mwenyekiti akaomba aongezewe matunda.