Saketi Iliyofundishwa Kulala

Kelele za ukutani zilikuwa za panya, na sikutaka kusikia jingine. Mimi ni mshonaji. Panya mmoja akiingia kwenye vitambaa vya wateja, jina langu limekwisha. Nikamwita mwashi aje Jumamosi azibe lile tundu lililo juu ya mlango wa karakana yangu, na kilichomo kifie humo humo.

Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Waya, akashikilia kwamba ni mbayuwayu, tena wana vifaranga. Nikamuuliza huyo mbayuwayu kamwona wapi. Mlango huo nautazama kutwa kucha, miaka nenda rudi, na sijawahi kuona ndege akiingia. Akanijibu kwamba anapita kasi mno kwa macho ya mtu.

"Nipe mpaka Jumamosi," akasema. "Nisipokuonyesha, ziba."

Basi akajitia kwenye vyuma vyake. Akaunda saketi ya kufyatulia kamera: kitu kikipita mbele ya tundu, kivuli chake kinaifyatua. Kamera ilikuwa na betri yake, lakini saketi ilipewa betri moja tu ya simu mbovu, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Asubuhi akaifunga juu ya mlango; adhuhuri imekufa. Akaichaji, ikafa tena. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

 Alhamisi alikaa na mita ya kupimia umeme, akapima kipande kimoja kimoja, mpaka akamkamata mla betri: kitaa chekundu alichokiweka mwenyewe ili ajue kama saketi iko hai. Kilikuwa kinakunywa umeme kuliko vingine vyote kwa pamoja. Akaking'oa. Kisha akaipanga upya saketi yote ilale, ibaki macho sehemu ndogo tu ya kungoja kivuli. Sasa haikuonyesha dalili yoyote ya uhai. Ijumaa nzima alipita chini yake akitazama juu, roho mkononi, na mimi nikamwonea huruma kidogo.

Jumamosi, mwashi ameshakoroga saruji, Waya akapanda ngazi. Akapima betri kwanza. Ilikuwa karibu imejaa. Akashuka na kamera, akaniwekea mbele ya uso.

Ndege alikuwa hewani, kwenye tundu lisilozidi kiganja changu. Mabawa ameyabana mwilini, amejilaza ubavu ili apenye, mdomo umejaa wadudu. Mbele yake, ndani, vinywa vitatu vya manjano viko wazi. Nikabonyeza picha ya pili, ya tatu, zikawa haziishi. Zote za siku moja, juu ya kichwa changu. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mama, saruji hii niipeleke wapi?" mwashi akauliza.

"Kizingiti kimepasuka, ziba hapo," nikamwambia. "Taratibu, usigonge ukuta."

Nikasimama chini ya tundu, nikakodoa macho, sikupepesa. Hakuna kilichopita. Ningeweza kuapa. Lakini ndani ya ukuta vifaranga walikuwa tayari wanagombania chakula.